Sodo, Tamponi na Sumu: Tafsida Inapogeuka Hatari

Mficha uchi hazai, husema Waswahili. Lakini suala la hedhi linapozuka, lugha yao wenyewe hujaa mapazia. Mwanamke "yumo mwezini", "yuko katika siku zake", "haswali". Tafsida hizi zina uzuri wake na hapana haja ya kuzifukuza barazani. Tatizo huanza pale haya inapopenya hadi katika istilahi, neno moja, sodo, likabebeshwa vifaa visivyofanana: pedi inayowekwa kwenye chupi, na tamponi inayoingizwa ukeni. Wapo wanaoiita hiyo ya pili kisodo. Wapo pia wanaoita pedi hivyo hivyo. Kwa muuza duka huenda hilo si neno. Kwa msichana anayevitumia ni jambo jingine kabisa, na historia ya Marekani inatosha kuwa shahidi.

Mwaka 1978 daktari James Todd na wenzake wa Denver walieleza ugonjwa uliowapata watoto saba, wavulana wakiwemo: homa kali, kutapika, kuharisha, ngozi kuiva mithili ya aliyebabuliwa na jua, kisha shinikizo la damu kuporomoka. Chanzo kilikuwa sumu ya bakteria iitwayo Staphylococcus aureus. Miaka miwili haikupita ila ikadhihirika kuwa waathiriwa wengi ni wanawake vijana waliokuwa katika hedhi na waliotumia tamponi. Mwaka 1980 pekee viliripotiwa visa 813 vilivyohusiana na hedhi. Wanawake 38 wakafariki.

Iliyotajwa zaidi ni tamponi ya Rely, ya kampuni ya Procter & Gamble. Ndani yake mlikuwa na vipande vya sponji ya poliesta pamoja na selulosi iliyobadilishwa kikemikali ili ifyonze kupita kiasi. Tangazo lake lilijigamba kuwa ingefyonza hata wasiwasi. Septemba 1980 iliondolewa sokoni.

Nyuzi zenyewe hazikuwa na sumu. Tamponi huingiza hewa mahali ambapo kwa kawaida haimo, na bakteria huyo huhitaji oksijeni ili atengeneze sumu yake. Kadiri kifaa kinavyofyonza zaidi, ndivyo hatari inavyopanda. Na kinachofyonza sana hushawishi mtu kukiacha muda mrefu. Ndiyo maana ushauri wa leo ni kuchagua tamponi yenye ufyonzaji mdogo unaotosha, na kuibadilisha kila baada ya saa 4 hadi 8. Wanaohubiri kuwa pamba tupu ni kinga (na biashara yao inawahitaji wahubiri hivyo) wanauruka ushahidi: tafiti za maabara zimeonyesha kuwa sumu hiyo huweza kuzalishwa penye pamba pia.

Sasa mtu aandike kwa Kiswahili kwamba "sodo husababisha mshtuko wa sumu". Atakuwa amewatisha bure watumiaji wa pedi, na wa tamponi hatakuwa amewaonya. Nchini Kenya, ambako kodi ya sodo iliondolewa mwaka 2004 na sheria ya mwaka 2017 ikaagiza wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo, neno hili limekuwa la serikali na la darasani. Haliwezi tena kuachwa liyumbe.

Istilahi "mshtuko" nayo ina walakini. Katika Kiswahili cha kila siku, anayeshtuka hupewa maji ya kunywa, akatulia. Mgonjwa huyu shinikizo lake la damu linashuka hadi viungo vinakosa damu. Tafsiri hiyo sisisi inampunguzia uzito wa hali yake.

Kuhusu kifaa, jibu si gumu: pedi iitwe sodo, tamponi iitwe tamponi. Wapenzi wa usanifu watakunja uso wakidai ni ukopaji wa kivivu. Lakini hedhi yenyewe ilitoka Uarabuni, ikapokewa na kuzoeleka, na leo hakuna anayeiulizia kwao. Msichana aliyeshikwa na homa na kutapika huku akiwa na tamponi mwilini anatakiwa aitoe mara moja, akimbilie hospitali, na amwambie daktari alichokuwa ametumia. Akisema "sodo" tu, daktari atafikiria pedi, na ataanza kumpima malaria.