Alteneta kubwa isifungwe peke yake

Magari mengi yanayoshuka kreta ya Ngorongoro na kukatiza Serengeti ni Toyota Land Cruiser za toleo la 70, lililoanza kutengenezwa mwaka 1984, na bado zipo Land Rover za zamani kuliko hapo. Chasisi zimerefushwa, paa zinafunguka, na ndani mna friji la vinywaji, redio ya mawasiliano na soketi za kuchajia simu na kamera za wageni. Mbele kuna winchi. Vyote hivyo vinalishwa na alteneta iliyokusudiwa taa, honi, waipa na kujaza betri. Betri zikianza kufa kabla ya wakati, jibu la gereji ni la haraka: fungeni alteneta kubwa. Naliunga mkono jibu hilo kwa sharti moja, kwamba waya, mkanda na hesabu ya matumizi vishughulikiwe siku hiyo hiyo. Alteneta kubwa ikifungwa kwenye mfumo wa zamani ulioachwa kama ulivyo, inaweza kuleta hatari ambayo ile ndogo haikuwa nayo.

Tuanze na waya, maana hapo ndipo moto unapoanzia. Land Rover Series III iliyotoka mwaka 1971 ilikuja na alteneta ya Lucas ya ampea 34, na waya wake ulitosha kwa kazi hiyo. Tuchukue waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, wenye urefu wa mita mbili. Ampea 34 zikipita humo, volti zinazopotea ni kama 0.3 na joto ni takriban wati 10, kiasi ambacho waya unakistahimili. Pitisha ampea 100 na joto linapanda hadi zaidi ya wati 80, kwa sababu joto hukua kwa mraba wa mkondo: umeme ukiongezeka mara tatu, joto huongezeka karibu mara tisa. Waya huo umefungwa pamoja na nyaya nyingine, karibu na injini, na ganda lake lina miaka hamsini. Isitoshe, karibu volti nzima inapotea njiani, kwa hiyo betri iliyokuwa na njaa inaendelea kuwa na njaa huku mwenye gari akiamini ameshamaliza tatizo. Land Rover nyingi zilizotangulia zina hatari zaidi, kwani umeme wote wa kuchaji hupitia kwenye amita ya dashibodi iliyopimwa kwa ampea 30 tu. Waya mpya wa milimita 16 za mraba, wenye fyuzi yake karibu na betri na usiopita kabisa kwenye amita hiyo, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya gari.

Jambo la pili ni namba iliyoandikwa kwenye lebo. Ampea zinazotangazwa hupimwa alteneta ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani takriban mizunguko 3,000 ya injini ikiwa puli ya injini ni kubwa mara mbili ya ile ya alteneta. Gari la safari haliishi huko. Hutambaa nyuma ya simba, husimama chini ya mti kumngoja chui, na injini ya dizeli hunguruma kwa mizunguko mia saba au mia nane. Katika mwendo huo alteneta ya ampea 120 huenda isifikishe hata nusu, na zipo zenye lebo kubwa ambazo kwa mwendo mdogo hazizidi ndogo. Mnunuzi aulize inatoa nini injini ikiwa mwendo wa chini. Winchi nayo isitumiwe kama kisingizio: ikivuta kwa nguvu zote huweza kula ampea 400, na hizo hutoka kwenye betri, kwa kuwa alteneta ya kawaida haizifikii. Faida ya alteneta hapo ni kurejesha kilicholiwa. Dakika moja ya kuvuta namna hiyo inahitaji zaidi ya dakika kumi na tatu kurudishwa na ampea 30 za ziada, au dakika nne na nusu hivi kwa ampea 90, endapo betri yenyewe inakubali kujazwa kwa kasi hiyo.

Mkanda hauna mengi, ila usisahaulike. Ampea 120 kwa volti 14 ni wati 1,680, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu hupotea kama joto, injini hutoa karibu kilowati tatu. Mkanda mmoja mwembamba utateleza. Fundi akiukaza kupita kiasi, beringi ya pampu ya maji ndiyo itakayolipa. Kwenye Land Cruiser nyingi za dizeli kuna la kuogopesha zaidi: pampu inayosaidia breki imefungwa mgongoni mwa alteneta. Anayebadilisha alteneta bila kuijali pampu hiyo amegusa breki za gari lililobeba watu.

Wapo wapenzi wa magari ya kale wanaoona kubadilisha ni kuharibu asili. Nawaheshimu, lakini kiwanda chenyewe kiliiacha dinamo kikahamia alteneta, na kifaa kilichofungwa bila kukata bodi kinaweza kurudishwa siku yoyote. Wengine husema kuisuka upya ile ya zamani kunatosha. Wako sahihi kwa gari lisilo na friji wala winchi, hasa likiwekewa taa za LED zinazokula umeme kidogo. Paneli ya sola juu ya paa nayo ni msaada wa kweli gari likiwa limezimwa kambini, ingawa haisaidii usiku wa mvua, taa na waipa vikiwa kazini.

Hoja ya gharama ndiyo nzito, na inanifanya nisishauri alteneta kubwa kuliko zote sokoni. Kwa mwenye gari la kazi, bora ile ya ukubwa wa kati ambayo kaboni, dayodi na regyuleta zake zinapatikana Arusha, na ambayo fundi wa Karatu anaweza kuifungua jioni na kuirudisha kabla ya wageni kuamka.