Kofia ya Bingwa, Barabara ya Wote

Tarehe 1 Agosti 2012, siku ile ile mwanambio wa baiskeli Bradley Wiggins aliposhinda dhahabu ya Olimpiki mjini London, basi lililobeba waandishi wa habari wa michezo hiyo lilimgonga na kumuua mwendesha baiskeli. Wiggins alipoulizwa, alisema huenda kofia ngumu iwe lazima kisheria. Baadaye alifafanua kwamba hakuwa akidai sheria hiyo. Lakini neno la bingwa likishatoka halirudi. Hadi leo mtu wa baiskeli akigongwa, watu huuliza kwanza kama alikuwa amevaa kofia. Mwendo wa gari lililomgonga huulizwa baadaye, kama utaulizwa.

Toleo hili limejaa mabingwa. Septemba 2025 Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na vijana wetu sasa wana watu wa kuwatazama na kuwauliza. Mara nyingi anapoulizwa kuhusu usalama, bingwa hutaja kofia kwanza. Je, muuza maziwa, fundi anayewahi kazini na mwanafunzi anayekwenda shule wamsikilize? Wamsikilize kuhusu kichwa chao. Kuhusu barabara, wadai zaidi ya hapo.

Aisifuye mvua imemnyea, na wanambio wamenyewa. Mwaka 1991, UCI, chama kinachosimamia mchezo huu duniani, kilipojaribu kuwalazimisha kuvaa kofia, waendeshaji walipinga waziwazi kwenye mbio za Paris–Nice, na kanuni ikafa. Julai 1995 Mwitaliano Fabio Casartelli, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki, alianguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet katika Tour de France akiwa kichwa wazi, akafariki. Hata hapo kanuni haikupita. Ilipita Mei 2003, miezi miwili baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka katika Paris–Nice na kupoteza maisha. Ushauri huu umelipiwa kwa roho za wenzao, na hatuna haki ya kuudharau.

Utafiti nao unawaunga mkono. Mwaka 2016 Jake Olivier na Prudence Creighton wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walijumlisha tafiti zilizohusu waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia. Waliona kwamba uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulipungua kwa takriban asilimia 70 kwa waliovaa kofia. Mwenye uwezo wa kupata kofia nzuri aivae, tena aifunge mkanda chini ya kidevu.

Hata hivyo, hatari anayoijua mwanambio ni ya kuanguka. Yeye hushuka mlima kwa kilomita 80 kwa saa, gurudumu lake likikaribia kugusa la mwenzake, juu ya barabara iliyofungwa kwa magari, huku gari la timu na daktari wakimfuata. Mwendesha baiskeli wa kila siku huenda polepole pembeni mwa lami, na kinachomuua humjia kutoka nyuma: lori, basi, gari dogo lenye dereva anayetazama simu. Kofia nyingi hupimwa kwa kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 1078, ambapo huangushwa kwa kasi isiyofika kilomita 20 kwa saa. Zimetengenezwa kwa ajili ya kichwa kinachopiga chini, na kazi hiyo huifanya vizuri. Hazikutengenezwa kwa ajili ya basi. Hata mbioni zina kikomo: Mbelgiji Wouter Weylandt alifariki katika Giro d'Italia ya 2011 akiwa amevaa yake.

Tazameni Uholanzi. Waendesha baiskeli wengi wa huko hawavai kofia, na bado ni miongoni mwa nchi ambako baiskeli ni salama zaidi. Miaka ya 1970 wazazi na wanaharakati waliingia mitaani kupinga vifo vya watoto barabarani. Baada ya miaka mingi ya kazi, wakawa na njia za baiskeli zilizotengwa na magari na mitaa ya makazi ambamo gari hulazimika kwenda polepole.

Upande wa sheria, jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa la kwanza kulazimisha kofia, Julai 1990. Lakini mwaka 2022 King County, wilaya yenye jiji la Seattle nchini Marekani, ilifuta sheria yake, baada ya kubainika kwamba faini zilikuwa zikiwaangukia zaidi watu weusi na wasio na makazi. Anayezijua barabara zetu anaona mara moja nani angesimamishwa hapa: mbeba mkaa ambaye bei ya kofia imara ni mapato yake ya siku kadhaa. Lori lililompita kwa kumbana lingeendelea na safari.

Bingwa aliyelisema hili kwa ujasiri kuliko wote ni Chris Boardman, mshindi wa dhahabu ya Barcelona 1992. Mwaka 2014 alionekana kwenye televisheni ya BBC akiendesha bila kofia, akalaumiwa sana. Alijibu kwamba kofia haimo hata katika mambo kumi ya kwanza yatakayomlinda mwendesha baiskeli. Mwaka 2016 mama yake aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, akafariki. Boardman hakuacha kudai barabara zilizo salama.

Kurasa zinazofuata zinaeleza namna ya kuchagua kofia inayokaa vizuri, na pia zinaonyesha njia za baiskeli za miji yetu zilizogeuzwa vituo vya bodaboda na vibanda vya biashara. Tumeziweka habari hizo pamoja kwa makusudi. Bingwa anayetuhimiza tuvae kofia ametuambia nusu ya anachokijua. Yeye hushindana barabara ikiwa imefungwa kwa magari, kwa sababu waandaaji wanajua baiskeli na gari la kasi haviwezi kugawana lami. Tunamwomba aiseme nusu hiyo ya pili mbele ya kamera zile zile, mawaziri wa ujenzi wakiwa wanasikiliza.