TAMKO LA TAWI: Dawa ya mwezi ujao itolewe kabla barabara haijafungwa

*Kwa wanachama wote wa tawi, Kata ya Elerai, Jiji la Arusha*



Kikao cha tawi kilichopita kilikuwa na ajenda nne. Ya dawa haikuwemo. Iliingia kwenye mengineyo, na ndiyo iliyotuweka hadi giza likaingia. Kamati imeona isiishie kwenye daftari la muhtasari.

Mzee wetu mmoja, mwanachama wa siku nyingi, anatumia dawa za presha kwa kadi ya bima. Jumatatu ya Oktoba 27, 2025 alikwenda kituo anachotibiwa kuomba dawa zake mapema. Jumatano ilikuwa siku ya uchaguzi, naye hakutaka kutembea mjini wiki ile. Tarehe yake ilikuwa Ijumaa ya 31, na vidonge alivyobaki navyo vilitosha hadi Alhamisi. Mhudumu akaingiza kadi kwenye kompyuta, mfumo ukakataa. "Mzee, siku zako bado. Rudi Ijumaa."

Ijumaa hiyo wote tunaikumbuka. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima tangu Jumatano. Dar es Salaam kulikuwa na amri ya kutotoka nje kuanzia jioni. Huku kwetu daladala hazikuonekana na maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Mzee akakaa ndani. Alifika kituoni Jumanne ya Novemba 4, siku nne bila dawa, kichwa kinamgonga na miguu haina nguvu. Alilazwa siku mbili. Tunashukuru Mungu yuko nasi na ndiye aliyetusimulia.

Siasa za siku zile zina kikao chake na hatutazijadili hapa. Leo tunauliza swali moja: *kwa nini mgonjwa aliyeiona hatari inakuja na akaomba dawa yake mapema, anyimwe?*

*Mfumo unafanyaje kazi*

Dawa za magonjwa ya kudumu, kama presha, kisukari, pumu na kifafa, mara nyingi mwenye bima hupewa za mwezi mmoja. Ukirudi kabla siku hazijaisha, mfumo unakukataa. Utaratibu huu haukuwekwa kwa ubaya. Wapo walioazima kadi kwa ndugu, wapo waliochukua dawa vituo viwili kwa mwezi mmoja wakaziuza. Fedha ya mfuko ni ya wachangiaji wote na lazima ilindwe. Mhudumu aliyemrudisha mzee wetu naye hakuwa na kosa. Alifuata alichoambiwa na kompyuta.

Kosa liko kwenye kanuni inayodhani kila mwezi utakuwa wa kawaida. Ndugu zetu, miezi isiyo ya kawaida tumeshaizoea.

Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa akiwa hapa Arusha. Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh, likaua watu zaidi ya 80 na kuwaacha wengine na nguo walizovaa tu. Aliyekuwa na insulini ndani ya nyumba ile aliiacha huko. Machi 1, 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi za NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei mpya, na watu wakaanza upya kutafuta pa kutibiwa. Aprili mwaka huohuo mvua zilisomba gari la shule kule Muriet, watoto wetu wakapoteza maisha. Siku kama hizo hakuna anayekatiza korongo kufuata vidonge.

Kuna na jambo la stoo. Dawa za Bohari ya Dawa, MSD, zinazokuja mkoani kwetu zinatoka ghala la kanda lililoko Moshi. Barabara ya Moshi ikikatika, kadi yako inaweza kuwa hai na dirisha likawa tupu. Aliyechukua mapema anakuwa salama, na pia anawapunguzia foleni watakaokuja siku ya shida.

*"Mfuko utafilisika"*

Hoja hii ilitolewa kwenye kikao, na aliyeitoa ni mwenzetu anayejua hesabu. Tuijibu kwa hesabu.

Mtu anayemeza kidonge kimoja kwa siku anahitaji vidonge 365 kwa mwaka. Ukimpa vya Novemba tarehe 27 Oktoba badala ya 31, bado ni 365. Tarehe yake inayofuata inasogezwa, na hakuna kidonge kilichoongezeka. Mfuko umelipa siku nne mapema, basi.

Sasa hesabu upande wa pili. Mwenye kisukari akikosa insulini siku chache, sukari inaweza kupanda hadi apoteze fahamu. Mwenye kifafa akikatiza dawa ghafla, degedege hurudi, na pengine kwa nguvu kuliko mwanzo. Presha iliyoachwa huleta kiharusi. Kitanda, vipimo, dripu na miezi ya mazoezi ya viungo, anayelipa ni mfuko uleule. Mzee wetu alilazwa siku mbili kwa sababu ya dawa ambayo bima ingeilipia Ijumaa ileile hata hivyo.

Wala hatuombi jambo geni. Hapa nchini wanaotumia dawa za kufubaza VVU, hali zao zikiwa imara, hupewa dawa za miezi mitatu na wengine hadi sita. Zamani walipanga foleni kila mwezi. Serikali iliona kwamba mtu anayeaminika na dawa zake nyumbani hazikatizi. Huko Marekani, jimbo la Florida linalopigwa na vimbunga lina sheria: tahadhari ya kimbunga au hali ya dharura ikitangazwa, bima lazima ilipie dawa za siku 30 hata kama mgonjwa alichukua nyingine juzi. Wenzetu waliiandika kanuni upepo ukiwa bado baharini.

*Tunachodai*

1. *Kanuni ya dharura iandikwe sasa.* Mamlaka ikitangaza maafa, mlipuko wa ugonjwa, zuio la kutembea au tahadhari ya mvua kubwa, mwenye bima aruhusiwe kuchukua dawa za siku 30 mapema bila kuomba kibali kipya. Tarehe yake inayofuata isogezwe ili mfuko usipunjwe.

2. *Kituo chochote kilichosajiliwa kimhudumie.* Aliyekimbia mafuriko asiambiwe arudi kituo chake kilichozungukwa na maji.

3. *Mtandao ukikatika, karatasi itumike.* Kabla ya kompyuta tulitibiwa kwa fomu. Fomu ziwepo droo ya kila dirisha, madai yahakikiwe mtandao ukirudi.

4. *Dawa zenye uraibu zibaki na masharti yake.* Hatutetei anayetaka kuuza dawa za kulevya kwa mgongo wa maafa.

Madai haya yanawahusu Wizara ya Afya na NHIF, na pia Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa upande wa kampuni binafsi. Wakati ndio huu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mmoja wetu awe na bima. Ukimwambia mama ntilie wa Elerai achangie, mwambie pia kadi yake itamfaa siku ambayo mji umefungwa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nayo imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi zetu za chini. Kamati hizo zinahesabu mahema, mablanketi na unga. Zihesabu na wagonjwa wanaomeza dawa kila siku.

*Kazi yetu sisi wenyewe*

Tahadhari kabla ya hatari. Tusikae kusubiri kanuni.

• Kama hali yako imetulia, muombe daktari akuandikie dawa za miezi miwili au mitatu pale inaporuhusiwa. Ombi si kosa.

• Piga picha cheti cha dawa na kadi yako, mtumie mtoto au jirani unayemwamini. Andika pia kwenye karatasi jina la dawa na kipimo, maana simu nayo huzima.

• Usisubiri kidonge cha mwisho. Tarehe yako ikifika nenda siku hiyohiyo, ili za akiba zisipungue.

• Usigawane dawa na jirani kwa sababu "presha ni presha". Dawa yako inaweza kumdhuru.

• Kila mjumbe wa tawi ajue wazee wanaoishi peke yao katika eneo lake na nani anawachukulia dawa. Majina na magonjwa yao yasiandikwe kwenye kundi hili. Siri ya mgonjwa ni siri.

Wapo kati yetu wasio na bima kabisa, wanaonunua vidonge vitatu vitatu duka la dawa kadiri mfuko unavyoruhusu. Hatujawasahau. Kwao dharura ni ya kila wiki, na tutawatengea kikao chao. Lakini kushindwa kumaliza yote leo kusituzuie kumaliza hili.

Katibu wa tawi ataandaa barua kwa diwani wetu ili suala lifikishwe kwenye Baraza la Madiwani la Jiji. Aliyewahi kurudishwa dirishani kama mzee wetu amfuate katibu ana kwa ana, asimulie, aseme kama anaridhia kisa chake kitajwe bila jina. Mkutano wa mtaa ukiitwa, tuhudhurie na tuseme kwa sauti moja.

Mzee wetu alipomaliza kusimulia alisema jambo moja tu: "Sikuomba ya bure, niliomba yangu." Tukaidai pamoja naye.

Umoja ni nguvu.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi, Elerai, Arusha*
_Msomee na asiye na simu janja._