Kusoma Faili la Mipangilio Si Kuliandika

Vijana wanaojifunza kuandika programu huambiwa mapema kwamba faili la mipangilio ni kazi ndogo: maktaba inayolisoma ndiyo hiyo hiyo italiandika. Mstari wa kufungua, mstari wa kuhifadhi, basi. Kauli hiyo imekubalika mno, na mimi naipinga.

Tuchukue duka la mbolea pale Makambako, njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea. Programu yake ya risiti ina faili dogo lenye jina la duka, printa, kodi na namba ya simu. Juu ya mstari wa printa, fundi aliyeiweka programu ameacha maelezo nyuma ya alama ya reli: kasi isishuke chini ya 9600, herufi zitatoka mbovu. Fundi mwenyewe yuko Njombe, kilometa 60 hivi kutoka hapo, na maelezo yale ndiyo makabidhiano pekee aliyoyaacha.

Siku moja mwenye duka anabadilisha namba ya simu kupitia dirisha la programu. Maktaba ya configparser, inayokuja na Python, inasoma faili lote, inabadilisha thamani moja, kisha inaandika lote upya. Namba imebadilika. Maelezo ya fundi yamefutika bila onyo lolote, na majina ya mipangilio yaliyokuwa na herufi kubwa yamekuwa na herufi ndogo. Wala si hitilafu. Maktaba iliyaruka maelezo ilipokuwa ikisoma, na kilichorukwa wakati wa kusoma hakina pa kutokea wakati wa kuandika.

Hata huko kusoma kwenyewe kuna mitego. Andika kodi kuwa 18% na configparser, kwa namna yake ya kawaida, itagoma ukiiomba thamani hiyo, kwa sababu alama ya asilimia ina kazi nyingine kwake. Hamia YAML, muundo mwingine wa mafaili ya mipangilio, uisome kwa maktaba ya PyYAML, na uandike ratiba ya basi la Njombe bila alama za nukuu: 06:00 inabaki maandishi, lakini 12:30 inageuka 750, yaani dakika tangu usiku wa manane. Namba ya simu inayoanza na sifuri na isiyo na 8 wala 9 inahesabiwa kwa msingi wa nane, ikatoka namba nyingine kabisa. Namba nyingine yenye 8 inabaki salama. Kosa la aina hii ni baya sana, maana unaweza kujaribu kwa simu yako ukaona kila kitu kiko sawa.

Nitajibiwa kwamba dawa ni kuchagua maktaba bora. Ni kweli zipo: ruamel.yaml na tomlkit huyatunza maelezo, nami nazipendekeza. Lakini hazitibu kukatika kwa umeme. Ukifungua faili kwa kuandika kama wengi wanavyofundishwa, kwanza linafutwa likawa tupu, ndipo maandishi mapya yaingie. Umeme ukikatika hapo katikati, asubuhi duka halina mipangilio. Njia salama ni kuandika faili la muda kwenye folda ile ile, kuhakikisha limefika diski, kisha kuliweka mahali pa la zamani kwa os.replace. Hiyo si kazi ya mstari mmoja tena.

Na wanaoitunza Python wanalijua hili. Toleo la 3.11, lililotoka Oktoba 2022, lilileta tomllib, maktaba ya kusoma mafaili ya TOML, muundo mwingine tena wa mipangilio. Uandishi haukuwekwa, na mojawapo ya sababu ni swali hili hili: mpangilio na maelezo ya mwenye faili yatatunzwaje?

Kwa hiyo nawaomba wanaofundisha programu Njombe, Makambako na kwingineko: acheni kufundisha kusoma na kuandika kana kwamba ni somo moja. Faili alilolihariri mtu kwa mkono wake, programu ilisome tu. Yale yanayobadilishwa kwenye dirisha yaandikwe katika faili la pili, mali ya programu peke yake. Configparser hupokea orodha ya mafaili, na thamani iliyo katika faili la mwisho ndiyo inayotumika.