Iacheni Jambo Bwana!

Jamani wadau, hii tabia ya kuubeza wimbo wa Jambo Bwana hapa Chukwani mie imenichosha. Ukipigwa tu utasikia, "Aaa, hicho Kiswahili cha watalii." Eti Mswahili hasemi "jambo", husema "hujambo". Eti sie hatusemi "hakuna matata", twasema "hamna tabu".

Kweli hatusemi. Sasa ndio nini? (Na hao hao wakatae kama ukiwakuta Forodhani na mgeni si "jambo, jambo" tupu!)

Wimbo ule Them Mushrooms wa Mombasa waliutoa 1982, mtunzi Teddy Kalanda Harrison. Bendi ya mahotelini ile, ikipiga mbele ya watu wasiojua hata neno moja la lugha yetu. Mwaka 1983 Boney M, kundi la Ujerumani, nao wakautoa wa kwao. Wakachomeka Kiingereza ndani, lakini "Jambo" na "Hakuna Matata" wakayaacha kwenye jina. Wale mnaosema wimbo hauvuki bahari bila Kiingereza, mpo?

Sie ni walimu watarajiwa, hebu usikilizeni kama somo. Salamu, jibu lake, kumkaribisha mgeni, basi. Maneno machache, mdundo wa kuchezeka, na kurudia mpaka yanaganda kichwani. Twasomeshwa mbinu za kufundisha lugha muhula mzima, kisha ukenda mazoezi ya kufundisha skuli, mtoto wa Kidato cha Pili hakumbuki ulichomwambia jana. Mtalii kausikia mara mbili hotelini, anarudi kwao anauimba. Nani mwalimu hapo?

Kama hasira mnazo, zipelekeni kwengine. Disney, mwaka 1994 walipotoa filamu ya The Lion King, waliomba "Hakuna Matata" iwe alama yao ya biashara kwenye nguo, na Marekani ikawasajilia 2003. Maneno ya watu yale! Watu walikuja kushtuka 2018, wakaanza kukusanya saini mtandaoni, miaka 15 imeshapita. Hilo sijamsikia fundi wa sarufi hata mmoja wa hapa chuoni akalipigia kelele. Kelele zote kwa vijana wanaoganga njaa na gitaa ufukweni.

Au basi tungeni wenu. Utieni "hujambo", utieni "shikamoo", utieni na "hamna tabu" ya Unguja, mtalii auimbe mpaka kwenye boti ya kurudi Dar. Kalamu mnazo. Mie nasubiri.