KUKUBALI SI KUTENDA



Imekuwa desturi yetu makarani, yakitajwa mambo ya afya, kusema ya kwamba watu wa kando ya ziwa hawafuati mashauri kwa sababu ya ujinga. Neno hilo si kweli, na leo twataka kulikanusha.

Mwezi wa Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijaa katika kijiji cha Kagunga, karibu na mpaka, na kipindupindu kikaingia kati yao. Watu zaidi ya 3,000 waliugua, na zaidi ya 30 wakafa, huku meli ya Liemba ikienda na kurudi kuwachukua waliosalia hata Kigoma. Tangu siku zile ni nani hapa, au Ujiji, asiyejua ya kuwa maji hayana budi kuchemshwa? Mwulize mvuvi wa dagaa, mwulize muuza mawese sokoni: atakueleza vizuri kuliko sisi, tena ataamini asemayo.

Na sisi je? Sisi ndio tuchapao matangazo yale. Tukiisha kuyabandika ukutani, twachota maji katika mtungi wa afisi na kunywa, wala hatuulizi kama yalipata moto. Je, nasi tu wajinga? Hasha!

Sababu ni nyingine. Kukubali hakuna gharama: mtu hutikisa kichwa, na moyo wake ukatulia kana kwamba kazi imekwisha. Kutenda kwataka makaa, sufuria, na subira ya kungoja maji yapoe. Tena kwataka hayo kila siku, na hasara ya kuacha haionekani leo. Ziwa letu lang'aa machoni. Nani ataogopa maji mazuri namna ile? Zaidi ya hayo, kila mmoja humtazama mwenzake, na asipomwona akichemsha, naye huacha, asije akaitwa mwenye kujidai.

Basi dawa si kuhubiri zaidi. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu London, Daktari John Snow alionyesha ya kuwa ugonjwa watoka katika pampu moja ya mtaa. Hakungoja kila mtu aache mazoea yake. Aliwashauri wakubwa wa mtaa, nao wakaondoa mpini wa pampu. Tangu saa ile hata asiyesadiki hakuweza kuchota.

Nasi tuondoe mpini wetu. Mkutano ujao usipitishe azimio lisilo na jina la mtu wala siku. Kila afisi imchague mmoja wa kuchemsha, zamu ziandikwe, fedha ya makaa itoke katika ada zetu, na mtungi wa maji mabichi utolewe nje kabisa.

Maji tumekwisha yavulia nguo; hatuna budi kuyaoga. Tukilishindwa jambo dogo hili, tusimwite tena mvuvi mjinga.