Lami Ifakara ipo, wayaringi ya taa bado ile ile

Barabara ya lami Kidatu–Ifakara, kilometa 66.9, iliyozinduliwa mwaka 2024, imebadili safari za usiku Kilombero. Zamani mashimo yalikupunguza mwendo. Sasa gari linatembea, na mbele kuna baiskeli isiyo na taa, pawatila inayotoka shamba la mpunga, au trela la miwa. Dereva anataka mwanga zaidi, anafungiwa spoti mbili.

Shida ni namna zinavyofungwa. Mara nyingi waya wa spoti unaungwa moja kwa moja kwenye swichi ya taa za gari. Balbu mbili za wati 55 kwenye volti 12 zinavuta ampea 9 hivi, juu ya mzigo uliokuwepo. Swichi inachemka, plastiki inayeyuka, na siku moja taa zote zinazimika uko kwenye kona.

Dawa yake ni rilei. Swichi inabaki kazi ya kuiamsha tu, kwa umeme usiofika hata nusu ampea. Mzigo wenyewe unatoka kwenye betri, unapita fyuzi, unaingia mguu namba 30 na kutokea 87 kwenda kwenye taa. Fyuzi ikae jirani na betri; ikikaa kule kwenye taa, waya ukichubuka njiani hakuna cha kuukinga na moto.

Askari barabarani anaona taa inawaka, basi. Waya hauoni. Kwa hiyo mkaguzi ni wewe: kabla hujamlipa fundi, mwambie akuonyeshe fyuzi iko wapi.